Ndoo, Hapana Atakayekuteka

Mimi husikiliza podikasti huku nikikuna nazi, na nikimaliza nazi huwa nimemaliza pia heshima niliyokuwa nayo kwa wanaozitengeneza. Nyingi ni vijana wawili waliokaa mbele ya maikrofoni wakichekeshana wenyewe. Mmoja anaanza kisa, mwenzake anaangua kicheko kabla kisa hakijafika popote, kisha wote wawili wanasahau walikuwa wakisema nini na kutusomea tangazo la magodoro. Wapo wengine wanaowahoji matajiri juu ya siri ya utajiri, na siri ni ile ile kila mara: kuamka alfajiri. Mama yangu ameamka alfajiri maisha yake yote, akaumua mahamri ya mtaa mzima, na hakuna aliyekuja kumuuliza siri yake.

Nimesema uongo. Walikuja kumhoji mara moja. Mwezi ule ningesema laiti wangepotea njia wasifike. Leo sijui niseme nini, kwa hivyo nitaeleza tu ilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo Changamwe, jioni narudi Jomvu Kuu ninapokaa na mama. Mume sina, na swali hilo nimelijibu vya kutosha harusini kwa watu. Pesa za starehe yangu zote huishia kwenye vifurushi vya intaneti, maana nataka kuona kila kitu kinachoonyeshwa na kusikia kila kitu kinachosemwa, ili nipate kukichukia kwa haki. Siyo kwamba sipendi mambo haya. Nayapenda kupita kiasi, na ndiyo maana yakiharibiwa napandwa na hasira, kama mtu aliyechinjiwa kuku wake akapikiwa bila chumvi.

Chukueni filamu zinazotengenezwa kuhusu sisi watu wa pwani. Zote zinaanza angani. Kuna kile kidude kinachoruka na kamera, na mwenye filamu akishakikodi lazima akitumie mpaka kiishe moto: bahari kutoka juu, mapaa kutoka juu, msikiti kutoka juu. Kisha tunashushwa kwa msichana aliyevaa buibui, amesimama ufukweni akitazama maji. Hatuambiwi anatazama nini. Mimi sijapata kumwona msichana wa Jomvu akisimama kutazama maji, ana kazi zake. Baada ya hapo anakuja mwanamume wa kwetu, na mwanamume wa kwetu kwenye filamu hupewa kulala, kuroga au kupandwa na jini. Akifungua mdomo ni "yakhe" mwanzo wa sentensi, "yakhe" katikati na "yakhe" mwisho, na hapo mwandishi ameridhika kwamba ameandika Kiswahili cha pwani.

Vitabu navyo havina nafuu. Barabarani Changamwe vimetandazwa vile vya kukufundisha kufaulu, vyote jalada lake lina mtu aliyekunja mikono kifuani. Nilinunua kimoja nikakisoma chote kwa inda. Kiliniambia niwaepuke watu wanaonirudisha nyuma. Nikamtazama mama yangu aliyekuwa akinichambulia mchele, nikakitia kitabu chini ya mguu mfupi wa meza, na tangu siku hiyo meza haitikisiki.

Kilicho kibaya kuliko vyote, na ambacho hatukikosi, ni tamthilia za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kisa ni kimoja: tajiri, kijakazi mrembo, na mama wa tajiri asiyemtaka kijakazi. Wanaotia sauti husoma kama wanasoma taarifa ya habari. Mwanamke anafumaniwa na mumewe, na badala ya kulia anasema, "Naomba unipe fursa ya kujieleza." Mama hukaa mkekani na tasbihi yake akimjibu.

"Fursa gani, we mwanamke? Lia!" Kisha ananigeukia. "Na huyu mwengine ateka nini, na mumewe ni mgonjwa hospitali?"

Hapo inabidi niwaeleze wasiotoka kwetu. Katika Kiswahili cha nyumba za zamani za Mombasa, kile mama alichokulia nacho Jomvu Kuu, kucheka ni kuteka. Macho ni mato, njia ni ndia, njaa ni ndaa, nchi ni nti, kila ni kula, na ukimwita mtu aje kwako humwambii njoo, wamwambia ndoo. Kuteka maji kisimani nako ni kuteka, na kuteka mtu nyara ni kuteka vile vile, lakini mwenye sikio la kwetu hachanganyi, kwa sababu ulimi una pahali pake pa kugusa kwa kila neno. Asiye na sikio hilo husikia neno moja tu. Wenzangu wa ofisini, wale waliokuja na Kiswahili chao cha mjini, nikiwapa simu wamsalimie mama hunirudishia wakiwa wameduwaa.

Ukali huu wangu sikuuzaa mimi. Niliurithi kwa mjomba, ndugu wa pekee wa mama, tumbo moja.

Mjomba alikuwa na kazi ambayo siku hizi haipo tena. Palikuwa na banda la mabati Changamwe lililokuwa likionyesha filamu za Kihindi, na mchana lilijaa kina mama waliokwisha kupika. Mjomba alisimama kando ya runinga na kijiti mkononi akiwatafsiria. Kihindi chenyewe hakukijua, ila maneno mawili matatu ya nyimbo za mapenzi. Kila alichosema alikitunga papo hapo kwa kutazama nyuso, na sauti alikuwa nazo za kutosha jamii nzima: ya babu mwenye pumu, ya wifi mwenye husuda, ya polisi aliyekula rushwa akashiba.

"Huyu mzee asema bintiye hataolewa na dereva," angesema, kijiti kikielekea kwenye skrini. "Sasa mtazameni mato huyu dereva. Ana jambo alijualo."

Mara bwana harusi wa Kihindi angelalamika kwamba mifereji ya Jomvu imekauka wiki nzima na bili imekuja vile vile, na banda lingepasuka kwa vicheko. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa mapajani kwa mama, na nilidhani Wahindi wote wana shida ya maji. Nilipokuwa mkubwa nikaziona filamu zile zile na tafsiri ya maandishi chini, nikagundua kwamba visa vya mjomba vilikuwa bora kuliko vyenyewe. Bado nasema hivyo mbele ya yeyote.

Simu za mkononi zikaliua banda. Mjomba akabaki na kazi za vibarua na ile sauti yake, akiitumia barazani kuchekesha watu bure. Halafu wakaja watu wa runinga.

Walikuja na gari mbili na miavuli, wakasema wanatengeneza tamthilia ya pwani na wanataka mwenyeji mmoja mwenye kipaji. Mtaa mzima ukawaonyesha mjomba. Kazi yake ilikuwa kuwa mvuvi aliyepandwa na jini. Nilikwambieni. Mjomba akasema sawa, mradi maneno ayaseme anavyojua yeye, na mwongozaji akakubali kwa kichwa bila kumtazama. Siku ya kupiga picha tulisimama mbali tukamwona akisema maneno yake. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka, anayemwomba mkewe asimwache peke yake na hilo jambo lililomo ndani yake. Mama alilia. Mimi mwenyewe, pamoja na ujuaji wangu wote, nilisahau kwamba ni mchezo.

Siku ya kuonyeshwa, watu walijaa kwetu mpaka uani. Mama alichoma ubani na kukaanga sambusa. Mjomba alivaa kanzu ya Idi akakaa mbele, na runinga tulikuwa tumeiinua juu ya sanduku ili wa nyuma waone.

Akatokea. Ni yeye, uso ni wake, kikoi ni chake. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya mtu mwingine.

Walikuwa wamemfuta sauti. Walimtafuta kijana huko kwao studio akaigiza upwani wao wanaoujua, pua imezibwa, maneno yamevutwa kama ubani wa kutafuna. Mjomba wangu, akiwa na machozi ya kweli machoni, akasema mbele ya nchi nzima: "Yakhe wee! Jini wangu ataka halua, yakhe!"

Baadaye mjomba alipiga simu kuuliza. Akaambiwa kwa upole kwamba Kiswahili chake hakikusikika kama cha pwani. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi na bado linanichemsha damu. Yaani walitoka kwao mpaka kwetu, wakamkuta Mswahili, wakaona hafanani vya kutosha na Mswahili waliyekuja naye kichwani.

Lakini siku ile watu hawakujua habari za studio. Waliona uso wa mwenzao na sauti ya kipumbavu, wakacheka. Walicheka mpaka sambusa zikawakwama kooni. Mjomba alijaribu kucheka nao, akashindwa, akaondoka mbele akaenda kukaa jikoni. Tangu hapo akipita kisimani anaulizwa, "Jini hajambo? Kashapewa halua?" Akienda msikitini wazee wanaziba midomo kwa mikono. Watoto wakajifunza ile sauti, wakawa wanamwita nayo kutoka nyuma ya kuta. Mtu aliyezoea kuwachekesha hawa hawa kwa hiari yake, sasa wanamcheka yeye, na kwa sauti isiyokuwa hata yake. Akapunguza kusema. Mwishowe akawa akisalimiwa anaitikia kwa kichwa.

Asubuhi moja mama alimpelekea mahamri akakuta mkeka umekunjwa na mlango umefungwa kwa kamba. Hakuaga mtu.

Kwamba yu hai tulijua. Mwanamke wa kwetu aliyekwenda Lungalunga kwa mazishi alimwona sokoni akaamkiana naye, na mjomba akamwambia asiseme kwamba amemwona. Yule mwanamke akatuambia, kwani ni siri ya kubebeka hiyo? Mama akapeleka salamu, hazikujibiwa. Akaenda mwenyewe, akaambiwa amehama, naye hakuamini. Miaka ikapita hivyo. Kila filamu ya Kihindi ikianza kwenye runinga mama huinuka akatafuta la kufanya nje, na ikifika Idi hukata kitambaa cha kanzu ya kiume akakiweka sandukuni. Sanduku hilo limejaa kanzu zisizovaliwa, na mimi nilikuwa nimeshazoea kutolisema.

Sasa rudini kwenye podikasti. Ile iliyomfikia mama ni ya wale wanaochunguza watu waliopotea. Mnaijua aina yake. Muziki wa kutisha, kimya, kisha mwanamke ananong'ona: "Usiku huo, hakuna aliyejua kilichokuwa kinakuja." Mama mimi, hata wewe unayenong'ona hukujua, ulisoma gazetini! Misiba ya watu wanaigawa sehemu sehemu na katikati ya kilio cha mzazi wanatia tangazo la mkopo wa simu. Wasikilizaji nao, jikoni na garini, wanajifanya makachero. Nilikuwa naisikiliza kila wiki.

Mama akaisikia kutoka kwenye simu yangu siku yule mnong'onaji aliposema: "Kama una ndugu aliyepotea, tupigie. Sauti yako itafika kila mahali."

"Kula mahali?" mama akauliza.

"Ni maneno ya biashara hayo, mama."

"Nimekuuliza, hata Lungalunga?"

"Hata Lungalunga, mwenye simu atasikia. Lakini mama, watu hawa si watu wa maana. Mjomba hakupotea. Alikimbia haya. Hawana haja na haya, wao wataka damu."

"Mimi sina haja nao. Nnataka sauti yangu ifike tu. Yeye aijua sauti yangu." Akanipa ile simu. "Wapigie."

Tukabishana siku kadhaa. Nilimweleza kila ninalolijua kuhusu wahariri na wanavyokata maneno ya watu. Nilimkumbusha kilichomkuta mjomba mwenyewe mikononi mwa watu wa namna hiyo hiyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi nazeeka." Nikawapigia.

Walikuja wawili, mnong'onaji na kijana wa mitambo. Mnong'onaji alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na furaha tele. Alivua viatu, hilo namshukuru, akaingia ndani akasema, "Sasa, mathe! Uko poa?"

Mama akamtazama. "Marahaba, mwanangu," akamjibu, kuitikia shikamoo ambayo haikutoka.

Binti akacheka, hakujua ameadhibiwa. Akala mahamri, akapiga picha mahamri, akapiga picha mlango. Alipowasha mitambo akashusha sauti ikawa ile ya kunong'ona, na mimi mwili ukanisisimka kwa karaha.

Mama alieleza kila kitu kwa utaratibu, kuanzia banda la filamu. Alieleza habari za runinga, sauti iliyofutwa, watu waliojaa uani. "Walimteka," akasema. "Walimteka hapa hapa mbele yangu, watu wazima na watoto. Wakawa wamteka kula siku, mpaka akaona haya, akenenda zake."

Binti akaacha kutafuna. Nikaona macho yamemtoka nyuma ya miwani. "Walimteka? Hapa ndani ya nyumba? Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Na wengine walikuwa jamaa."

Nikafungua mdomo kufafanua, kijana wa mitambo akaniwekea kidole mdomoni mwake: kimya, tunarekodi. Walipomaliza nikamfuata binti mpaka garini. Nikamwambia, dada, kwa mama "kuteka" ni kucheka, angalia usije ukakosea. Akanijibu, "Usijali, tutaangalia kwenye editi." Akafunga kioo.

Kabla hajazima mitambo alikuwa amemwambia mama aseme neno la mwisho, moja kwa moja kwa ndugu yake. Mama akarekebisha mtandio kana kwamba anaonekana. Akasema pole pole: "Ndoo, nduguyangu. Ndoo kwenu. Hapana atakayekuteka tena."

Kipindi kikatoka. Nilikisikiliza ofisini, nimejifungia stoo.

Kilianza kwa muziki kama mlango mbovu. Kisha mnong'onaji: "Alitekwa nyara nyumbani kwake, mchana kweupe, na jamaa zake mwenyewe. Na dada yake aliona kila kitu." Banda la filamu za Kihindi hawakulitia. Habari za runinga wamezikata zote, pengine kwa kuwa zinawagusa jamaa zao. Mahamri waliyatia. Mtaa wetu ukawa "kijiji cha kale kilichofichwa na mikoko," sisi tulio hatua chache kutoka barabara kuu ya Nairobi. Lakini hayo nilikuwa nimeyategemea. Sikuitegemea ndoo.

"Ndoo, ndugu yangu," ikasema sauti ya mama, wameitia mwangwi. "Ndoo kwenu."

"Ndoo," akanong'ona mtangazaji. "Kwa nini mwanamke huyu anataja ndoo? Ndani ya ndoo mlikuwa na nini?"

Wakamleta mtaalamu. Sijui ni mtaalamu wa nini, hakutajwa shule, ila sauti yake ilikuwa nzito. Akasema katika jamii za pwani ndoo inaweza kuwa ishara ya kafara. Wakazungumza juu ya ndoo mpaka nikahisi kuta za stoo zinanikaribia. Mwisho wakarudia: "Hapana atakayekuteka tena," na mtangazaji akahitimisha kwamba hiyo ni ahadi kutoka kwa mtu anayewajua watekaji. Kisha tangazo la magodoro.

Kufika jioni watu walikuwa wameandika chini ya kipindi maneno yao yote: waulizwe jamaa, kichimbwe kisima, mama huyo anajua zaidi ya anavyosema. Mmoja, kutoka sijui wapi, alikuwa amechora ramani. Niliwaandikia waliokitengeneza, nikawaeleza neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto alifu. Wakanijibu kwa kialama cha mikono iliyokutanishwa, na wiki iliyofuata wakatoa sehemu ya pili kuhusu ndoo.

Nililia, sisemi uongo. Si kwa ajili ya ujinga wao, ujinga nimeuzoea. Nililia kwa kuwa mama alikuwa na risasi moja tu ya kupiga, na hawa wameilipua hewani kwa kujifurahisha. Nilifika nyumbani nikamweleza yote kwa hasira, nikitembea chumbani huku na huku: wamekata hili, wamegeuza lile, wamekufanya mchawi. Mama alikuwa akikunja nguo. Akangoja nichoke.

"Pale nilipomwita," akauliza, "walipaweka?"

"Walipaweka, lakini mama, wamepafanya..."

"Sauti ni yangu? Hawakunitia ya mtu mwengine?"

Nikasimama. "Ni yako."

"Basi," akasema, akaendelea na nguo zake.

Nilikasirika naye pia, kidogo. Niliona ni subira isiyo na maana, ya kizamani. Mtaani tukaanza kutazamwa, na mwanamume mmoja mjinga akaja mpaka uani kutuomba kuiona ndoo. Nilimfukuza kwa mwiko.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa mbuzini nakuna nazi, sikio moja lina podikasti ya vijana wawili wanaobishana juu ya filamu ambayo wote wawili hawajaitazama mpaka mwisho. Pakapigwa hodi mlango wa mbele. Mama alikuwa chumbani.

"Hodi wenyewe," ikarudia sauti, ndogo, ya mtu aliyechoka.

Mama hakuuliza ni nani. Nilisikia tasbihi ikianguka sakafuni, kisha nikamwona akipita ukumbini bila mtandio wala viatu.

Mjomba alikuwa amesimama kizingitini, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Mkono wa kulia ameshika ndoo ya plastiki, mpya, ya buluu, ina kifuniko, na kile kikaratasi cha dukani bado kimebandikwa ubavuni. Aliinua ile ndoo kidogo.

"Nimesikia mwaitafuta ndoo," akasema. "Nimewaletea."

Mama akaitazama ndoo. Akamtazama nduguye. Akafumba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumruka, na kicheko kikamtoka ambacho sijapata kukisikia kwake, kikubwa, cha kijana, kikimkunja mpaka akashika mwimo wa mlango. Aliyeapa mbele ya nchi nzima kwamba hapana atakayemteka, alikuwa wa kwanza kumteka. Mjomba akasimama vile vile na ndoo yake, na kwa muda mfupi niliona ile hofu ya zamani ikimpita usoni, nikaogopa kwamba atageuka. Kisha naye akaangua. Walicheka wameshikana, na katikati ya kicheko nikaona kwamba mama analia, na machozi yanamwangukia mjomba begani.

Alituhadithia alipokwisha kunywa chai. Alikuwa kinyozi kwa watu, Lungalunga, na kijana mmoja aliyekuja kunyolewa alikuwa akisikiliza kipindi kwa sauti ya juu. Watu wote kibandani wakaanza kubahatisha ndoo ilikuwa na nini. Wengine wakasema damu, wengine dhahabu.

"Mimi nimeshika wembe," mjomba akasema, "namsikia dada yangu aniita. Nti nzima yamsikia, na aniita mimi." Kisha akashusha sauti, akaikaza koo, na ukumbini kwetu akatokea yule binti mwenye miwani mzima mzima, akinong'ona: "Ndani ya ndoo mlikuwa na nini?" Mama akaanguka tena mkekani.

Wale watu wa podikasti walipiga simu mwezi uliopita wakitaka sehemu ya tatu. Niliwaambia hatuna la kuongeza, nikakata. Bado nawasikiliza, na bado wananiudhi kila wiki. Mjomba anakaa chumba cha uani, amevaa kanzu moja kati ya zile za sandukuni, imempwaya kidogo. Ndoo iko kisimani, ndiyo tunayotekea maji.